John Muir katika Barafu ya Alaska

John Muir alizaliwa Dunbar, Scotland, mwaka 1838, akahamia Marekani mwaka 1849. Ajali ya kiwandani mwaka 1867 nusura impofushe. Alipopona aliipa mitambo kisogo, akaifuata nyika.

Oktoba 1879 aliabiri mtumbwi kusini-mashariki mwa Alaska pamoja na mmishenari S. Hall Young na Watlingit wanne. Wengi humwita Muir mvumbuzi wa Glacier Bay, ilhali habari za ghuba hiyo alizipata kwa Charley, mmoja wa Watlingit hao, aliyewahi kuwinda sili huko utotoni. Nahodha, tena mwenye mtumbwi, alikuwa mzee Toyatte. Huyo hakujaliwa kuuona umaarufu wa safari yao: mapema mwaka 1880 aliuawa Wrangell akijaribu kusuluhisha ugomvi.

Mabaharia wa Vancouver walikuwa wameikuta ghuba imezibwa na barafu mwaka 1794. Muir aliikuta barafu hiyo imerudi nyuma makumi ya kilomita.

Alifariki Desemba 1914, miswada ya kitabu chake cha Alaska ikiwa haijakamilika. Mto wa barafu uliopewa jina lake, uliovuta meli za watalii tangu miaka ya 1880, sasa haufiki tena baharini.