Sam Steele

Sir Samuel Benfield Steele (Medonte, Ontario, 5 Januari 1848 – London, 30 Januari 1919) alikuwa askari wa Kanada na mmoja wa maafisa mashuhuri zaidi wa Polisi Wapanda Farasi wa Kaskazini-Magharibi, jeshi la polisi lililoundwa ili kuweka sheria ya serikali katika nyika za magharibi ya nchi hiyo. Anakumbukwa hasa kwa kazi yake huko Yukon wakati wa mbio za dhahabu za Klondike mwaka 1898. Aliongoza pia rejimenti ya wapanda farasi katika Vita vya Pili vya Makaburu nchini Afrika Kusini, na akafikia cheo cha meja jenerali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Maisha ya awali

Steele alizaliwa katika familia ya walowezi Waingereza kaskazini mwa mji wa Toronto. Baba yake, Elmes Yelverton Steele, alikuwa nahodha mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza aliyepewa ardhi na kuwa mkulima. Aliwahi pia kuwa mbunge. Mama yake, Anne Macdonald, alikuwa mke wa pili wa nahodha huyo. Mama alifariki mwaka 1859 na baba mwaka 1865, hivyo Samuel alilelewa kwa muda na kaka yake mkubwa wa mama mwingine. Huko alijifunza kupanda farasi, kulenga shabaha na kuishi porini.

Mwaka 1866 alijiunga na wanamgambo kwa sababu ya mashambulizi ya Wafeni, yaani Wairishi waliovamia Kanada kutoka Marekani. Mwaka 1870 alikwenda Manitoba akiwa askari wa kawaida katika msafara wa Kanali Garnet Wolseley, uliotumwa kukomesha serikali ya muda ya Louis Riel. Riel alikuwa kiongozi wa Wametis, watu waliotokana na ndoa kati ya wenyeji asilia na Wazungu, hasa Wafaransa. Msafara ulipofika, Riel alikuwa ameshakimbia, na Steele hakupata kupigana. Mwaka uliofuata aliingia katika kikosi kipya cha mizinga cha jeshi la kudumu.

Kujiunga na polisi

Mwaka 1873 serikali ya Kanada iliunda polisi wapanda farasi kwa ajili ya maeneo makubwa iliyoyapata kutoka Kampuni ya Hudson's Bay. Wafanyabiashara kutoka Marekani walikuwa wakiwauzia wenyeji pombe kali huko, na mwezi Juni mwaka huo wawindaji wa mbwa mwitu waliwaua Waassiniboine wengi katika vilima vya Cypress. Tukio hilo liliharakisha kuandikishwa kwa polisi. Steele alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuapishwa, akapewa cheo cha sajinimeja na kazi ya kuwafundisha askari wapya kupanda farasi.

Mwaka 1874 polisi walianza safari yao ndefu kuelekea magharibi. Kikosi cha Steele kilitenganishwa na msafara mkuu njiani na kutumwa Edmonton kikiwa na farasi dhaifu zaidi. Njia ilikuwa ya matope, malisho yalikuwa haba, na mara nyingi askari walilazimika kuwainua farasi walioanguka kwa uchovu. Walifika mwanzoni mwa majira ya baridi.

Katika miaka iliyofuata Steele alishuhudia matukio makubwa ya eneo hilo. Alikuwepo mwaka 1876 Wacree walipotia saini Mkataba wa Sita, na mwaka 1877 maafisa wa Marekani walipokutana katika Ngome ya Walsh na Sitting Bull, kiongozi wa Walakota aliyekimbilia Kanada baada ya vita vya Little Bighorn. Mwaka 1878 alipandishwa cheo kuwa inspekta.

Reli na uasi wa 1885

Kuanzia mwaka 1882 Steele alisimamia usalama kando ya ujenzi wa reli ya Canadian Pacific. Alikamata wauza pombe, akasikiliza kesi ndogondogo na kusuluhisha ugomvi kambini. Mwanzoni mwa Aprili 1885 wafanyakazi wa Beavermouth, milimani mwa British Columbia, waligoma kwa kuwa hawakulipwa mishahara kwa miezi kadhaa. Steele alikuwa ameshayafikisha malalamiko yao kwa wakubwa wa ujenzi. Hata hivyo, askari wake walipozuiwa kumkamata mtu na mmoja wa wagomaji akapigwa risasi begani, aliinuka kitandani alipokuwa akiugua homa, akachukua bunduki na kusimama kwenye daraja mbele ya umati huku hakimu akisoma tangazo la kuwataka watawanyike. Umati ulitawanyika, na baadaye wafanyakazi walilipwa.

Wakati huohuo Wametis walikuwa wameasi huko Saskatchewan chini ya Riel. Sehemu ya Wacree nao walichukua silaha. Walikuwa na njaa, kwa kuwa baisani, wanyama wa jamii ya nyati waliokuwa chakula chao kikuu, walikuwa karibu wamekwisha, na serikali ilikuwa imepunguza mgawo wa chakula. Steele alikabidhiwa kikosi cha wapelelezi wapanda farasi chini ya Jenerali Thomas Strange. Alimfuata chifu Big Bear na watu wake, na tarehe 3 Juni 1885 akapambana nao kwenye ziwa Loon. Mapigano hayo hutajwa kuwa ya mwisho ya kijeshi katika ardhi ya Kanada. Big Bear alijisalimisha mwezi Julai, na Riel alinyongwa mwezi Novemba. Steele alipandishwa cheo kuwa mrakibu, na tarehe 7 Novemba alihudhuria kupigiliwa kwa msumari wa mwisho wa reli huko Craigellachie.

Kootenay

Mwaka 1887 Steele alitumwa na askari wapatao 75 katika bonde la Kootenay. Chifu Isadore wa Waktunaxa alikuwa amemtoa gerezani kwa nguvu mtu wake aitwaye Kapla, aliyeshtakiwa kuwaua wachimba madini wawili Wazungu. Steele alidai mtuhumiwa arudishwe, kisha akasikiliza kesi na kumwachia huru kwa kukosa ushahidi. Uamuzi huo ulimpatia heshima kwa Waktunaxa, na polisi waliondoka mwaka 1888 bila mapigano. Wakazi waliita kijiji chao Fort Steele. Lakini mgogoro uliokuwa nyuma ya kesi hiyo ulihusu ardhi, na katika jambo hilo Isadore hakushinda: alilazimika kuyaacha malisho ambayo tayari yalikuwa mali ya mlowezi kwa mujibu wa sheria.

Mwaka 1890 Steele alimwoa Marie Elizabeth de Lotbinière Harwood kutoka Quebec. Walizaa watoto watatu. Mwana wao Harwood alikuja kuwa mwandishi.

Klondike

Dhahabu iligunduliwa Klondike mwezi Agosti 1896, na makumi ya maelfu ya watu wakaelekea huko, wengi wao kutoka Marekani. Mapema mwaka 1898 Steele alipewa jukumu la kusimamia njia za mlimani za Chilkoot na White Pass, kwenye mpaka usiokubaliwa na nchi zote mbili. Askari wake waliweka vituo kileleni katikati ya dhoruba za theluji, wakiwa na bunduki za rashasha aina ya Maxim, na kutoza ushuru wa forodha. Hakuna aliyeruhusiwa kupita bila akiba ya chakula cha mwaka mzima. Pamoja na vifaa, mizigo ya mtu mmoja ilikaribia tani moja, na wengi walipanda mlima mara nyingi kuivusha. Amri hiyo ilipunguza hatari ya njaa kaskazini, ambako hapakuwa na mashamba wala maduka ya kutosha.

Barafu ilipoyeyuka mwishoni mwa Mei, maelfu ya mashua zilizotengenezwa na wasafiri wenyewe zilianza kushuka mto Yukon. Katika maji ya kasi karibu na Whitehorse, takriban mashua 150 zilivunjika ndani ya siku chache, na watu kadhaa walizama. Steele alifika na kuweka kanuni papo hapo: kila mashua ikaguliwe na kuandikwa namba, iongozwe na nahodha mwenye ujuzi, na wanawake na watoto wapite kwa miguu kando ya mto. Faini ilikuwa dola 100. Hakukuwa na sheria ya bunge iliyompa mamlaka hayo, lakini ajali zilipungua sana.

Mwezi Septemba 1898 alihamia mji wa Dawson akiwa mkuu wa polisi wa Yukon. Kumbi za kamari na vilabu vya pombe viliachwa viendelee, lakini vilifungwa siku ya Jumapili, na kubeba silaha mjini kulikatazwa. Waliopatikana na hatia walipigwa faini, walifukuzwa mjini au walipasua kuni za serikali. Fedha za faini zilisaidia hospitali, kwa kuwa homa ya matumbo ilikuwa imeenea.

Sifa hizo hazikumlinda. Steele alipinga utoaji wa leseni na kazi kwa upendeleo wa kisiasa, na hivyo akagongana na Clifford Sifton, waziri wa mambo ya ndani. Mwezi Septemba 1899 aliondolewa kazini Yukon, licha ya maombi ya wakazi kwamba abaki. Umati mkubwa ulimsindikiza bandarini.

Afrika Kusini

Mwaka 1900 Steele aliteuliwa kuongoza Lord Strathcona's Horse, rejimenti ya wapanda farasi zaidi ya 500 iliyogharamiwa na tajiri Lord Strathcona. Wengi wao walikuwa wachunga ng'ombe na polisi wa magharibi. Walipigana chini ya Jenerali Redvers Buller katika Natal na Transvaal. Kuanzia mwaka 1901 hadi 1906 Steele aliongoza divisheni ya kaskazini mwa Transvaal katika polisi wapya wa Afrika Kusini, ambao mkuu wao wa kwanza alikuwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyezikwa Nyeri, Kenya.

Miaka ya mwisho

Aliporudi Kanada aliongoza wilaya za kijeshi za Calgary na Winnipeg. Mwaka 1915 alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Mwaka huohuo alipewa Divisheni ya Pili ya Kanada na kuipeleka Uingereza, lakini kwa sababu ya umri wake wa miaka 67 hakuruhusiwa kuiongoza vitani Ufaransa. Badala yake alisimamia kambi za mafunzo za Shorncliffe. Mwaka 1918 alipewa cheo cha Sir na kustaafu. Alifariki Putney, London, wakati wa janga la homa ya mafua, na kuzikwa Winnipeg.

Urithi

Mlima Steele katika Yukon, wa tano kwa urefu nchini Kanada, umepewa jina lake. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Alberta kilinunua hati na barua za familia yake, zilizokuwa zimehifadhiwa Uingereza. Kwa Wakanada wengi Steele alikuwa kielelezo cha polisi aliyetuliza watu kwa uthabiti bila kutumia silaha mara nyingi. Kwa Wacree, Wametis na Waktunaxa, utulivu huohuo ulifungua njia kwa reli na walowezi kuchukua nchi yao.