Descartes: Mfaransa aliyeufanya mstari useme kwa hesabu

Kila apelekaye magunia ya chumvi kutoka Kasese hadi Bwera, ili yavushwe mpaka wa Mpondwe kuingia Kasindi, hupatana kwanza na mwenye lori. Mapatano hayo yanaweza kuchorwa kuwa mstari, na mstari ukasomwa kuwa hesabu. Ujuzi huo ulienezwa na René Descartes.

Alizaliwa Ufaransa tarehe 31 Machi 1596. Mama yake alifariki mwaka uliofuata, na mtoto akalelewa na bibi yake. Kwa kuwa afya yake ilikuwa dhaifu, walimu wake wa shule ya Wajesuiti ya La Flèche walimruhusu kuchelewa kuamka. Alihitimu sheria mwaka 1616, lakini hakuwa wakili. Mwaka 1618 alijiunga na jeshi huko Uholanzi, nchi ambayo baadaye aliishi karibu miaka 20.

Mwaka 1637, mjini Leiden, alichapisha kitabu kilichounganisha michoro na hesabu. Alikiandika kwa Kifaransa, si Kilatini cha wasomi. Mfaransa mwenzake, Pierre de Fermat, aliifikia njia hiyo karibu wakati uleule. Waliowafuata ndio walioupa mlinganyo sura inayofundishwa shuleni leo.

Faida yake yaonekana kwenye lori. Tuseme magunia 10 yalisafirishwa kwa shilingi 70,000, na magunia 20 kwa shilingi 120,000. Kwenye karatasi, magunia huhesabiwa kwenda kulia na shilingi kwenda juu. Nukta mbili zikiwekwa, rula huziunganisha kwa mstari mnyoofu.

Kutoka nukta ya kwanza hadi ya pili, magunia yameongezeka 10 na bei imepanda shilingi 50,000. Basi kila gunia ni shilingi 5,000. Mstari ukirudishwa nyuma hadi penye magunia sufuri, unakata kwenye shilingi 20,000. Hiyo ndiyo ada ya kuliondoa lori, iwe mzigo ni mdogo au mkubwa. Mlinganyo ni huu: y = 5,000x + 20,000, ambapo x ni magunia na y ni bei.

Mwenye magunia 30 akizidisha 70,000 mara tatu, atakubali kulipa 210,000. Mlinganyo unasema 170,000. Shilingi 40,000 zitakuwa zimepotea, kwa kuwa ada ya lori moja imelipwa mara tatu.

Mwaka 1649 Descartes aliitwa na Malkia Christina wa Sweden akamfundishe falsafa. Masomo yalianza saa 11 alfajiri, katika baridi kali, kwa mtu aliyezoea kuchelewa kuamka. Alipatwa na nimonia, akafariki Stockholm tarehe 11 Februari 1650, akiwa na miaka 53. Mwaka 1663 Kanisa Katoliki lilipiga marufuku baadhi ya vitabu vyake. Hesabu yake haikuzuilika: leo hata mtoto wa sekondari Bwera huichora daftarini, na mzazi mwenye mzigo anaweza kuiazima.