Ibn al-Haytham na Elimu ya Jicho

Sisi tusemao Kiswahili huambiana kwamba fulani ametupa jicho, kana kwamba jicho lina kitu lilitoacho na kukirusha mpaka kwenye kinachotazamwa. (Habari ya jicho la husuda ina mlango wake vitabuni, wala siyo tuikusudiayo leo.) Fikira hii si yetu peke yetu. Euclid na Ptolemy, wakubwa wa hesabu katika Wayunani, walishika kwamba miali hutoka machoni ikaenda kuvigusa vitu, na wengi waliofuata walilipokea neno hilo kwa sababu limesemwa na wakubwa. Aliyelivunja kwa hoja ni Mwislamu wa Basra, Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa yapata mwaka 354 wa Hijra, ndio 965 wa Miladi. Ibn al-Qifti asimulia kwamba al-Hakim, mtawala wa Misri, alipata khabari kuwa mtu huyu adai aweza kuyatawala maji ya mto Nile, akamwita. Akapanda na mto mpaka karibu na Aswan. Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale yalivyopimwa kwa ustadi, akatambua kuwa lau jambo hilo lingewezekana, wao wangalilitangulia. Alirudi akakiri. Lakini al-Hakim alikuwa mtu wa kuua kwa sababu ndogo, basi Ibn al-Haytham akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani mpaka mtawala yule alipotoweka mwaka 411, yaani 1021. Wako wataalamu wanaotilia shaka kisa hiki, nasi hatuapi juu yake.

Lisilo na shaka ni kitabu chake, Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba. Humo alieleza kwamba nuru ndiyo iingiayo jichoni kutoka katika vitu. Ukilitazama jua, jicho huumia. Basi liko kitu kilichokuja kikaliumiza, wala hakuna aumizwaye na kitu alichokitoa mwenyewe kwa hiari. Tena, mtu akikodolea mahali penye mwanga mkali kisha akageukia gizani, ile sura hubaki machoni kwa kitambo. Akaweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, na kila taa ikatoa doa lake ukutani. Alipoifunika taa moja, lilipotea doa la taa ile tu. Kwa hiyo nuru hukutana tunduni na hazichanganyiki.

Msomaji wa Kitui hana haja ya kusafiri ili ayaone hayo. Bati la paa likitobolewa na msumari, jua huchora duara sakafuni, hata tundu lenyewe likiwa na pembe, kwani duara lile ni sura ya jua. Jua likipatwa, kama lilivyopatwa hapa Kenya alasiri ya tarehe 3 Novemba 2013, duara hugeuka hilali. Ibn al-Haytham aliandika risala mahsusi juu ya jambo hilo.

Hakufika mwisho wa njia. Alidhani kiungo kihisicho nuru ni ile lenzi iliyo mbele ya jicho, na Kepler ndiye aliyebainisha mwaka 1604 kwamba sura huanguka nyuma, katika retina, tena ikiwa kichwa chini. Leo yajulikana kuwa retina ya jicho moja ina chembe zipatazo milioni 120 za kuonea penye mwanga hafifu, na milioni sita hivi za kuonea rangi. Nuru ikizigusa, hubadilisha dawa iliyomo ndani yake, na badiliko hilo hupelekwa na neva hadi ubongoni kama umeme. Sikio na ngozi nazo zina chembe zao: hizi hupokea mtikisiko wa hewa, zile joto, baridi na mguso, lakini zote husema na ubongo kwa lugha hiyo moja. Dawa ile ya jicho hutengenezwa kwa vitamini A. Akiikosa, mtoto huanza kwa kutoona jioni, na akiachwa huweza kupofuka kabisa. Nasi Ukambani tuna maembe yanayooza chini ya miti, tuna maboga na majani ya kunde! Wako wazee wamwonao mtoto wa chuo akichora jicho daftarini wakadhani anapotezwa dini, ilhali mchoro huo waweza kumwokoa mdogo wake.

Jambo jingine alilolitambua ni kwamba jicho pekee halitoshi, kwani akili ndiyo hupambanua. Mwezi huonekana mkubwa unapochomoza na mdogo ukiwa juu, na kosa hilo alilitafutia sababu katika hukumu ya akili juu ya umbali. Katika kitabu chake cha kumtilia shaka Ptolemy alisema wazi kwamba mtafuta haki hatosheki na jina la mwandishi, bali humdai hoja, na hujidai mwenyewe pia.

Baada ya al-Hakim aliishi karibu na al-Azhar. Husimuliwa kuwa kila mwaka alinakili kwa mkono vitabu vya hesabu, kimojawapo cha Euclid yule yule, akiviuza kwa dinari 150 apate chakula cha mwaka. Akafa mjini Cairo, yapata mwaka 430 wa Hijra. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na wasomaji wa huko wakamwita Alhazen.