Peyton Rous: daktari aliyengoja miaka 55 kwa ajili ya kuku mmoja

Ndugu zangu, kila zikitoka habari za maradhi ya kuku huwa nasikia suali lile lile: mbona virusi vya kuku haviishi, na kila siku inatajwa aina nyengine? Nami zamani nilidhani kirusi ni kirusi tu. Aliyenifungua macho ni bwana mmoja wa Marekani aliyekufa zamani, Peyton Rous. Leo nataka nikuhadithieni maisha yake.

Alizaliwa Baltimore mwaka 1879. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, mama akabaki na watoto watatu mkononi. Peyton akaingia Johns Hopkins kusomea udaktari. Siku moja, katika kupasua maiti ya mgonjwa wa kifua kikuu, akajikwaruza kidole kwenye mfupa, maradhi yakamwingia. Akafanyiwa opereshini, akapelekwa Texas kupata nafuu, akakaa kama mwaka mzima kwenye shamba la ng'ombe. Akarudi, akamaliza masomo mwaka 1905.

Mwaka 1909 akaanza kazi Taasisi ya Rockefeller, New York. Mwaka huo huo akaletewa kuku jike wa mistari myeusi na myeupe, ana uvimbe mkubwa kifuani. Ilikuwa saratani. Rous akausaga uvimbe ule, akauchuja kama mtu anavyochuja tui, ila chujio lake lilikuwa laini mno, hata seli na bakteria hazipenyi. Maji yaliyotoka akawadunga kuku wazima, nao wakaota uvimbe. Maana yake, saratani ile ililetwa na kitu kidogo kuliko bakteria. Ndicho tunachokiita kirusi. Habari hiyo akaitangaza mwaka 1911.

Watu hawakumkubali. Wako waliosema ule si saratani ya kweli, na wako waliosema mambo ya kuku yaishie kwa kuku. Yeye akatafuta kuku wengine wenye uvimbe, na hapa ndipo mimi huvutika khasa. Maji ya uvimbe mmoja yalizaa uvimbe wa nyama, ya mwengine yakazaa wenye mfupa na gegedu ndani yake. Kila kirusi kilirithisha maradhi yake, hakichanganyi. Kumbe ndani ya kuku mlikuwa na ukoo mzima, si kirusi kimoja.

Akajaribu kwa panya, hakufanikiwa. Ilipofika 1915 akaiwacha kazi ile. Msidhani alikaa bure. Yeye na mwenzake, Joseph Turner, walitengeneza maji ya chumvi ya sitireti na sukari ya kuhifadhi damu isiharibike kwa wiki kadhaa, yakaokoa majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Miaka ya 1930 akarudi kwenye virusi vya uvimbe, safari hii kwa sungura.

Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 87. Tangu ile habari ya 1911, hesabu wenyewe: miaka 55! Akafariki New York mwaka 1970.

Lakini naye alikuwa binadamu. Alipinga kwa nguvu wazo kwamba saratani huanzia kwenye mabadiliko ya jeni za seli. Mwaka 1976, miaka sita baada ya kifo chake, wanasayansi walionesha kuwa jeni ya saratani iliyomo kwenye kirusi chake asili yake ni ya kuku mwenyewe. Kirusi kiliichukua, ikabadilika, kikaondoka nayo.

Jibu la lile suali ndilo hili. Virusi hivi hukosea vinapojinakili, huchanganya jeni, na mara nyengine huzichukua za mwenyeji wao. Jamaa zake leo hugawanywa kwa herufi, zikiwemo A, B, C, D, E na J. Hii J iligunduliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuku wa nyama, ikaja kuwatia hasara wafugaji wa nchi nyingi. Chanjo ya madukani hakuna. Makampuni ya mbegu hupima kuku na mayai, na wenye kirusi huwatoa.

Basi wewe unayefuga, au uliyewacha banda la kuku kwa wazee nyumbani, kuku wakianza kufa usikimbilie dawa ya jirani. Mwite daktari wa mifugo apime, ajue ni kirusi gani, maana jina la maradhi laweza kuwa moja na virusi vyake vikawa vingi.