Edgar F. Codd

Edgar Frank Codd (19 Agosti 1923 – 18 Aprili 2003) alikuwa mwanahisabati na mtaalamu wa kompyuta aliyezaliwa Uingereza na kufanya sehemu kubwa ya kazi yake nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni hifadhidata ya uhusiano, yaani utaratibu wa kutunza taarifa katika majedwali ya kawaida yenye mistari na safu. Tovuti nyingi za maduka, hoteli na biashara ndogo ambazo mwenyewe anaweza kubadilisha bei bila kumwita fundi zinafanya kazi kwa utaratibu huo.

Maisha ya awali

Codd alizaliwa Fortuneswell, kwenye kisiwa cha Portland katika Dorset, kusini mwa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi na mama yake alikuwa mwalimu. Alisoma hisabati na kemia katika Chuo cha Exeter, Chuo Kikuu cha Oxford, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa rubani katika jeshi la anga la Uingereza.

Mwaka 1948 alihamia New York na kuajiriwa na kampuni ya IBM kuandika programu za hisabati. Mwaka 1953 aliondoka kwenda Ottawa, Kanada, kwa kuchukizwa na jinsi Seneta Joseph McCarthy alivyowaandama watu walioshukiwa kuwa wakomunisti. Alirudi Marekani mwaka 1957. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1965, akiwa tayari mtu mzima wa miaka zaidi ya 40, kisha akahamishiwa kwenye maabara ya utafiti ya IBM huko San Jose, California.

Wazo la majedwali

Ili kuelewa alichokifanya Codd ni lazima kujua hali ilivyokuwa kabla yake. Katika miaka ya 1960 kampuni kubwa zilikuwa zimeanza kuweka kumbukumbu zao kwenye diski za kompyuta. Mfumo mashuhuri wa IBM, ulioitwa IMS, ulitengenezwa wakati wa mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini, ili kufuatilia vipuri vya roketi. Ndani yake taarifa zilipangwa kama mti: shina, matawi, vitawi. Mwandishi wa programu alilazimika kujua njia ya kupita kutoka tawi hadi tawi ili kuifikia taarifa aliyoitaka. Mpangilio ukibadilishwa, programu zilizoutegemea zilikwama na kuhitaji kuandikwa upya. Hata meneja aliyetaka kujua jambo dogo tu, kwa mfano ni wateja gani hawajalipa, alimsubiri mtaalamu amwandikie programu.

Katika makala aliyoitoa mwaka 1970, Codd alipendekeza kwamba mtumiaji asijishughulishe kabisa na mahali taarifa ilipo kwenye diski. Aseme anachotaka, na kompyuta yenyewe itafute njia. Msingi wake ulikuwa nadharia ya seti, ileile inayofundishwa katika shule za sekondari.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi. Jedwali moja lina bidhaa: namba ya bidhaa, jina, bei, na namba ya msambazaji. Jedwali la pili lina wasambazaji: namba, jina na simu. Majedwali hayo hayakufungwa pamoja kwa kamba yoyote ya siri. Yanaunganishwa na namba ya msambazaji tu, inayoonekana pande zote mbili. Msambazaji akibadilisha simu, inasahihishwa mara moja, hata kama analeta bidhaa 200. Codd aliweka pia kanuni za kugawa taarifa kwa namna hiyo ili jambo moja lisiandikwe mahali pengi, maana linapoandikwa mahali pengi siku moja litapingana.

Mvutano

Waajiri wake hawakulipokea wazo hilo kwa shangwe. IMS ilikuwa ikiiletea IBM fedha nyingi, na mfumo mpya ungeweza kuua soko lake. Wako pia waliodhani kwa dhati kwamba kompyuta haitaweza kamwe kuchagua njia kwa haraka kama mwanadamu. Mwaka 1974, huko Ann Arbor, Michigan, pande mbili zilikutana kwa mdahalo: Codd upande mmoja, na upande wa pili Charles Bachman, aliyetetea mifumo ya zamani na ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepewa Tuzo ya Turing.

Hatimaye IBM ilianzisha mradi wa majaribio ulioitwa System R. Humo Donald Chamberlin na Raymond Boyce walibuni lugha iliyokuja kuitwa SQL. Codd alikuwa na lugha yake mwenyewe, Alpha, lakini haikutumiwa, na aliendelea kulalamika kwamba SQL inapotosha nadharia yake, kwa mfano kwa kuruhusu mistari miwili inayofanana kabisa katika jedwali moja. Kinadharia alikuwa na haki. Hata hivyo SQL ndiyo iliyoenea.

Wengine waliwahi sokoni. Kampuni ya Larry Ellison, ambayo sasa ni Oracle, ilisoma makala zilizochapishwa na watafiti wa IBM na kuuza hifadhidata yake mwaka 1979. IBM ilifuata mwaka 1981, na mwaka 1983 ikatoa DB2. Utajiri uliotokana na wazo hilo haukuwa wa Codd, ila heshima aliipata: Tuzo ya Turing mwaka 1981.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1985 alichapisha kanuni za kupima kama bidhaa ni hifadhidata ya uhusiano kweli, kwa kuwa wauzaji wengi walikuwa wameanza kubandika jina hilo ovyo. Zinaitwa kanuni 12 ingawa ni 13, kwani alianza kuhesabu na sifuri. Baada ya kuacha IBM alifanya kazi ya ushauri pamoja na Chris Date na Sharon Weinberg, ambaye alimwoa. Alifariki Florida kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 79.

Matumizi katika tovuti

Codd alifikiria benki kubwa za data, si duka la mtaani. Tovuti za mwanzo za miaka ya 1990 zilikuwa mafaili tu. Bei iliyotajwa katika kurasa 40 ilibidi isahihishwe mara 40, na ukurasa uliosahaulika uliendelea kumdanganya mteja. Hifadhidata za bure kama MySQL, iliyoanza mwaka 1995, zilibadilisha hali hiyo. Ukurasa ukawa kiolezo chenye nafasi wazi, na mteja anapoufungua, programu inaiuliza hifadhidata bei ya wakati huo na kuijaza. Mwenye duka hugusa fomu moja tu. Programu ya WordPress, inayotumia MySQL kwa njia hiyo na kupendwa na wafanyabiashara wadogo, ilitolewa Mei 2003, wiki chache baada ya kifo cha Codd.