Dk. Leakey: Aliyesoma maisha ya binadamu katika mifupa ya wanyama

NILIPOINGIA sekondari mjini Mbarara, sandukuni mwangu mlikuwa na jino kubwa la mnyama nililoliokota kando ya Ziwa Nakivale. Sisi watoto wa wakimbizi wa Rwanda tuliozaliwa katika makazi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958, hatukuwa na vitu vingi vya kujivunia, na jino lile lilikuwa mali. Nikampelekea mwalimu wa historia nikitarajia sifa. Aliligeuzageuza, akasema huenda ni la kiboko, kisha akataka kujua nimelitoa wapi hasa: juu ya mchanga au ndani ya udongo, na kando yake kulikuwa na nini. Sikuwa na jibu. Akanirudishia, na siku iliyofuata akatumia kipindi kizima kutueleza habari za Louis Leakey.

Wengi wanamjua Leakey kwa mafuvu ya watu wa kale. Mimi namkumbuka zaidi kwa mifupa ya wanyama, maana humo ndimo alimosoma jinsi watu hao walivyoishi, na humo humo nusura jina lake lizame.

Alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, tarehe 7 Agosti 1903, mtoto wa wamisionari Waingereza. Alikua pamoja na vijana wa Kikuyu, akazungumza lugha yao kama wao na kujifunza kwao kunyatia na kuwinda. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1926 akarudi Kenya kuongoza msafara wake wa kwanza wa kuchimbua mambo ya kale. Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya waliamini chimbuko la binadamu ni Asia. Yeye alishikilia kuwa ni Afrika.

Mwaka 1931 aliingia Bonde la Olduvai, Tanganyika, pamoja na Mjerumani Hans Reck. Huyu alikuwa amefika huko mwaka 1913 na kukusanya mifupa mingi ya wanyama bila kuona zana yoyote ya mawe. Leakey aliweka naye dau la pauni 10 kwamba ataipata ndani ya saa 24, akashinda. Kumbe wanyama wale hawakuwa peke yao bondeni.

Mwaka uliofuata ndipo yalipomkuta ya Kanam, ukingoni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya. Mmoja wa wafanyakazi wake, Juma Gitau, alipata kipande cha taya la binadamu mahali palipokuwa na meno ya dinoteri, mnyama wa jamii ya tembo aliyetoweka zamani sana. Hapa msomaji aone elimu hii inavyofanya kazi. Siku hizo hapakuwa na mashine ya kupima umri wa mwamba. Wanyama ndio waliokuwa kalenda. Ukikuta taya la mtu katika tabaka moja na mnyama aliyekwisha kutoweka, basi mtu huyo aliishi wakati wa mnyama huyo. Lakini hesabu hiyo inasimama endapo tu vitu hivyo viwili vililala pamoja tangu mwanzo.

Leakey akatangaza kuwa amepata binadamu wa kale mno. Mwaka 1935 profesa wa jiolojia kutoka London, Percy Boswell, akaja kujionea. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyovisimika vilikuwa vimeng'olewa na wavuvi, ambao nao walihitaji chuma cha vyombo vyao, na picha aliyoitegemea ikagundulika kuwa ni ya mahali pengine. Boswell akaandika hayo katika jarida la Nature, na Leakey akaaibika. Wataalamu wa leo hawalihesabu taya lile kuwa la kale kiasi alichodai. Darasani nililifikiria jino langu, nikaona haya, kisha nikafarijika kidogo kwamba hata mkubwa yule alikosea kosa langu.

Kilichomwinua tena ni ukaidi wake na mke wake wa pili, Mary, aliyekuwa mchimbaji makini kumshinda. Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa mgonjwa kambini Olduvai, Mary aliliona fuvu walilolipa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale la pwani yetu. Magazeti ya dunia yaliandika fuvu. Kwangu mimi hazina kubwa zaidi ni uwanja uliolizunguka: maelfu ya vipande vya mifupa ya wanyama na zana za mawe, vikachorwa kwenye ramani jinsi vilivyolala. Mifupa mirefu ilikuwa imepasuliwa, kama afanyavyo yeyote anayetafuta uboho. Leakey mwenyewe alikuwa hodari wa kuchonga jiwe na kuchuna nalo mnyama mbele ya wageni. Mwaka 1961 vipimo vya mwamba wa volkano viliupa uwanja ule umri wa miaka milioni 1.75.

Mwanzoni alidhani Zinj ndiye fundi wa zana zile. Mwaka 1964, yeye na wenzake wakampa kazi hiyo mwingine, Homo habilis. Mwaka 1981, Leakey akiwa amekwisha kufariki, wataalamu walikagua mifupa ya Olduvai kwa hadubini wakaona alama za kukatwa kwa mawe pamoja na za meno ya wanyama wala nyama. Tangu hapo wanabishana kama watu wale waliwinda au walivizia mabaki ya simba.

Sitamsifu kwa yote. Katika kesi ya Kapenguria alikubali kuwa mkalimani wa mahakama dhidi ya Kenyatta, hadi mawakili wa utetezi walipompinga akajiondoa. Na watu kama Juma Gitau na Heselon Mukiri, waliochimba naye, hawatajwi sana madarasani. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru.

Mimi nilimaliza masomo Mbarara mwaka 1998, nikamfuata baba Rwanda. Alinipeleka kwenye kilima walichokihama mwaka 1960. Hakwenda kudai ardhi. Makubaliano ya Arusha ya mwaka 1993 yaliwashauri waliokaa nje zaidi ya miaka 10 wasidai. Alitaka tu kujua zizi la babu lilikuwa wapi. Miti aliyoikumbuka haikuwepo. Akainama shambani, akainuka na jino la ng'ombe, akasema ni hapa. Nilijua meno ya ng'ombe yamo katika kila kilima cha nchi ile. Nikamwomba anionyeshe alipolitoa, tutazame kama chini yake pana majivu au samadi ya zamani, lakini alikuwa amekwisha kulitia mfukoni na kusogea hatua kadhaa, na mwenye shamba alikuwa amesimama akitutazama.