Gorgeous George, mwanamieleka aliyejaza kumbi kwa kuanguka

Wakazi wa Rubavu wenye ndugu na marafiki mjini Goma wanaifahamu mieleka ya kulipwa, ile ambayo Wakongo huiita catch. Wanajua pia kwamba mshindi peke yake hajazi ukumbi: wapo wanaokata tiketi ili tu wamwone mwenye majivuno akibwagwa. Wachache walilielewa jambo hilo kama Mmarekani George Wagner, maarufu kwa jina la Gorgeous George.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1915 katika jimbo la Nebraska, akakulia katika umaskini mjini Houston, Texas. Katika miaka ya 1930 alikuwa mpiganaji wa kawaida asiyevuta watu. Muongo uliofuata, akisaidiwa na mkewe Betty, alijigeuza. Alizitia nywele rangi ya dhahabu na kuzisokota mawimbi, akavaa majoho ya kifahari, na mtumishi wake akamtangulia akinyunyiza manukato ulingoni. Watu walimzomea tangu mlangoni hadi kwenye kamba. Televisheni ilipoingia majumbani mwa Wamarekani, akawa miongoni mwa nyota wake wa kwanza.

Matokeo ya mieleka hiyo hupangwa mapema, na George alijua kushindwa kwa ustadi. Alipoanguka, mtazamaji alihisi kwamba haki imetendeka, akatoka ameridhika. Siku ya pambano jingine alirudi kumzomea tena, bila kutambua kwamba amekwisha kuwa mpenzi wake.

Mwaka 1961, mjini Las Vegas, bondia kijana Cassius Clay alikutana naye. Alijifunza kwamba wanaotaka ushindwe hulipa kiingilio sawa na wanaokupenda. Miaka 13 baadaye, kijana huyo, sasa akiitwa Muhammad Ali, alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa.

Mwisho wa Wagner ulikuwa mchungu. Mwaka 1959 alishindwa na Whipper Billy Watson mjini Toronto, akanyolewa nywele mbele ya umati. Mwaka 1962 alinyolewa tena mjini Los Angeles baada ya kushindwa na The Destroyer. Vipigo hivyo vilipangwa, lakini ulevi, talaka mbili na ufukara havikupangwa na mtu. Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 26 Desemba 1963, akiwa na umri wa miaka 48.

Mwaka 2010, kampuni ya mieleka ya WWE ilimwingiza katika orodha yake ya magwiji.